Alasiri Baba Alipozikwa Ziwani

Mnisamehe mwandiko wangu na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na naandika polepole.

Juzi kanisani kwetu Gungu, mchungaji aliwaomba wazazi wawaeleze watoto ubatizo nyumbani, kabla ya kwenda ziwani. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, kule Kagunga, kijijini kwetu kando ya ziwa.

Mama mmoja wa kwaya alipita kwetu akanitania, "Wewe, leo baba yako anazikwa majini!" Nilijua kuzika ni nini, tulikuwa tumemzika bibi. Sikuthubutu kumuuliza mtu.

Ufukweni palinuka dagaa walioanikwa mchangani. Kwaya iliimba kwa furaha, nami nikashangaa msiba gani huu wa vigelegele. Mchungaji alimshika baba kifuani na mgongoni, akatangaza, "Tunamzika mtu wa kale!" Baba akazama. Nyimbo zikakoma, nikasikia mawimbi tu.

"Msimzike, hajafa!" nililia, nikakimbilia majini.

Baba aliibuka, akaninyanyua. Watu wakaanza kucheka, lakini mchungaji aliwanyamazisha. "Baba, mweleze mwanao mwenyewe. Sisi tutangoja."

Wakangoja kweli. Baba alikuwa hajawahi kunieleza habari za Mungu. Alininong'oneza huku maji yakimchuruzika, "Mwana wanje, mwanangu, kilichozikwa ni ule ulevi na yale matusi. Mimi narudi nyumbani na wewe."

Nilimshika shingo, meno yakinigongana, mpaka tukafika nyumbani.

Ninyi nani aliwaeleza ubatizo? Niandikieni, hata kwa mwandiko mbaya kama wangu.