Batu Saba kwa Mashini

Weye mwenye kunisikiliza, niambie kwanza: ukifika kwa munganga na mutoto wako analia, kitu gani kinafungua mulango haraka, pesa kwa mukono ao mituweli, ile bima ya matibabu? Usijibu mbio. Mimi pia nilikuwa na jibu, nikalitembeza soko nzima ya Kamembe sawa mutu anauzisha marashi.

Nimekulia Bukavu, ng'ambo kule ya mupaka. Kule hakukuwa mituweli. Unaumwa, unalipa. Haulipe, unabaki na maumivu yako. Dada yangu mukubwa alizaa katika opitali moja, bakamufungia mule na kitoto chake mpaka papa akauzisha baiskeli. Na papa alikuwa anakula kwa ile baiskeli! Sasa tuliporudi huku Kamembe, bakanieleza mituweli, nilicheza. Kila mwaka nalipa yangu na ya mujukuu wangu wa kike, ule naishi naye toka binti yangu, mama yake, afariki. Benzangu ba kuuzisha sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, nilikuwa nabacheka: "Nyinyi fungeni pesa kwa kitenge, muogope ugonjwa. Mimi nalala usingizi."

Basi asubuhi moja ya mvua mujukuu akateleza na bidoni ya maji, pale mulima wetu unapopanda sawa ukuta. Bidoni ilibaki nzima. Mukono ndiyo ulivunjika.

Pale santere, kituo chetu cha afya, munganga alimufunga na katoni, akatikisa kichwa. "Mama, mufupa umepanda juu ya mwenzake. Mumupeleke opitali bamutie chuma. Mukichelewa, utafunga vibaya, atabaki na mukono wa kupinda."

Mukono wa kuume, mwenye kunisikia! Ule wa kuandika nao, wa kulima nao. Lakini mimi sikuogopa. Nilikwenda kwa dirisha ya mukarani na kichwa juu, nikamupa karti yangu ya serikali, nikangoja aseme pita.

"Mama, mituweli yenu haijatimia."

"Haijatimia namna gani? Nimelipa!"

"Umelipia batu babili. Nyumba yenu iko na batu saba."

"Saba? Dada, nyumba yangu iko na batu babili na kuku moja. Hao batano banalala wapi, ndani ya chungu?"

Akanigeuzia mashini yake ya kuandikia, ile kompyuta, ndiyo nisome. Nisome nini, mimi niliyetoka masomoni bado sijajua kushika kalamu muzuri? Akaisoma yeye: mutoto wangu wa kiume, bibi yake, na batoto babo batatu. Na nyumba inalipiwa yote, akasema. Kama haijatimia, hakuna anayetibiwa nayo, hata ule uliyemulipia.

Hasira ilinipanda, kitambaa cha kichwa kikaanguka chini. Huyu mutoto wangu ameoa Bukavu, anakaa Bukavu, akiumwa anatibiwa Bukavu kwa kashi, pesa kwa mukono. Kumbe mwaka huu alipita kimya kwa shefu wa mudugudu, ule anaandika batu ba kila nyumba ya kijiji, akaandikisha bote kwangu, eti siku moja batoto basome huku. Hakuniambia hata nusu ya neno. Na mimi mwenyewe ningejua, ningefanya nini? Kwetu mutoto anaweza kukaa mbali mpaka anaota mvi, mama haendi kwa shefu kusema, "Huyu mumufute, hayuko tena wa kwangu." Inakuwa sawa unatangaza kilio na mutu ni muzima.

"Basi mulipe kashi," mukarani akasema, na macho yake ilikuwa tayari kwa mutu wa nyuma yangu.

Kashi. Nilifungua kifundo cha kitenge, mimi niliyecheka bengine. Pesa ya kununua sambaza ikaenda kwa gari ya kutufikisha opitali, ikamalizikia kwa picha ya mufupa. Chuma kikabaki bila pesa. Mujukuu amelala pale na katoni yake, anauma mudomo asilie, munganga anapita anasema mufupa haungoji mutu.

Nikamupigia mutoto wangu telefoni kule Bukavu. Sitasema nilimwambia nini, kuna batu ba kanisa banasikiliza. Alipita mupaka pale Rusizi ya kwanza siku ileile, akaingia na viatu vya ncha na mukate ndani ya saketi ya plastiki.

"Jambo, mama."

"Jambo yangu unaiona pale kwa kitanda."

"Usikasirike. Tulipe kashi, mambo iishe. Nitaitoa pole pole."

"Pole pole? Munganga apasue nusu leo, nusu Noeli?"

Mwanamuke wa kitanda cha pili alicheka mpaka akashika mbavu. Mutoto wangu hakucheka.

"Sawa," nikasema, "twende kwa shefu, bakutoe kwangu na kundi lako lote."

Akaangalia viatu vyake. "Mama, ukitutoa, batoto bangu batasema kwabo ni wapi?"

Hiyo ilinichoma. Lakini hasira haikutoka, hapana, iliongezeka, juu ya vile nilijua sitaweza kumutoa, na yeye pia alijua.

"Kwabo ni kwangu," nikamwambia. "Lakini kwabo ni kulipa pia, siyo kuandikwa tu sawa majina ya kwaya. Uzisha ile telefoni yako."

Telefoni kubwa, ya kujipiga picha. Alinitazama sawa nimemuomba figo. Akatoka. Kurudi kwake ilikuwa jioni, mikono mitupu, telefoni yote imeingia kwa mituweli, na kesho yake mashini ikakubali: batu saba bote balilipiwa. Chuma kikaingia, na mimi nikatoa ile kidogo tu inayobaki kwa mugonjwa. Mukono ulinyooka. Namushukuru Mungu, mituweli ni kitu kizuri.

Lakini nimekasirika mpaka leo! Mutoto niliyemulipia alikuwa mbele yabo, anaumia, na bakatafuta batano ambao hata habakuwa pale!

Nilikuwa nanung'unika vile juzi, namusugua mugongo mujukuu juu ya vile mukono wake haujapata nguvu, akaniambia:

"Koko, nyamaza. Mimi nikiolewa, mbele ya kukata keki, nitapita kwa shefu na gauni yangu nyeupe, nijitoe kwako kwa mashini. Lakini sahani yangu uiache palepale, nitakuja kula."