Neno IMESITISHWA kwa Rangi ya Kijani

Kwenye arobaini ya marehemu mmoja kule Michenga, mtu wa kwanza kucheka nilikuwa mimi. Wafiwa wamekaa kwenye mikeka, shuka jeupe limetundikwa ukutani, projekta ni yangu, na badala ya marehemu kutokea amelala kitandani anasema maneno yake ya mwisho, akatokea jamaa kavaa suruali ya kung'aa, anacheza singeli kama ameingiliwa na siafu. Kicheko kikanitoka kabla sijajiuliza kosa ni la nani. Kosa lilikuwa langu.

Shule niliishia kidato cha pili. Wakiniuliza kwa nini, nasema tuligombana mimi na hesabu, na mwalimu akachagua kubaki na hesabu. Nina kibanda Ifakara mjini, naingiza nyimbo na muvi kwenye memori kadi, natoa kopi, nachaji simu. Jirani yangu ni fundi simu, rafiki yangu, aliyepita kambi ya JKT kule Chita akarudi na kifua kipana na kitabu cha lugha ya kompyuta iitwayo C. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika programu. Nilijifunza vile nilivyojifunza kuogelea: siku nilipoacha kunywa maji nikatangaza kwamba najua.

Nikaandika programu yangu mwenyewe ya kuingiza nyimbo. Unachagua mafaili, unabonyeza ANZA, na programu inayakabidhi kwa laibrari ya C, yaani kazi ambayo wajuzi wameshaiandika, wewe unaiita tu. Laibrari inapokea palepale, halafu inaendelea kuandika mafaili kwa nyuma, taratibu zake, huku wewe unapiga stori na mteja. Kwa mtu wa domo kama mimi hiyo ilikuwa zawadi. Nikaweka na kitufe cha SITISHA. Ukikibonyeza, programu inaiambia laibrari iachane na kazi, na kwenye skrini linatokea neno IMESITISHWA, kijani kibichi kama mpunga. Nililipenda sana neno hilo. Mafaili niliyapa majina ya 1, 2, 3, kwa sababu majina marefu ni ya waliomaliza shule.

Siku moja kabla ya hiyo arobaini, mke wa marehemu alikuja kibandani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nataka nione kama mzee wangu bado anaongea."

Mumewe alipozidiwa, mama alimrekodi kwa simu. Walikuwa wawili tu chumbani. Mzee anakohoa, anapumzika, halafu anasema shamba la mpunga la kule kwenye mfereji ni la mke wangu, ndugu zangu msimguse. Simu ya mama ilikuwa imejaa, kwa hiyo siku zile mimi ndiye niliyeihamishia video kwenye memori kadi, nikaiita 1, na kwenye simu nikaifuta. Kesho yake, kwenye arobaini hiyo, ukoo ulikuwa unakaa kugawa mali, na ndugu wa marehemu walishasema shamba linarudi kwao. Hiyo kadi ndiyo ilikuwa mdomo pekee wa mama.

Nikamwekea. Mzee akakohoa, akasema yake yote. Mama akaitikia kwa kichwa kana kwamba anaongea naye.

Hapo akaingia dereva wa boda. "Fundi, nijazie video za singeli fasta, nina abiria wa Kivukoni." Akanipa kadi yake. Nikaishika mkononi, nikachagua video zake, nikabonyeza ANZA. Kadi iliyokuwa kwenye mashine ni ya mama.

"Mwanangu," mama akasema, "hiyo si yangu?"

Nikabonyeza SITISHA. Likatokea neno langu la kijani.

"Mama, mzee kaponea chupuchupu," nikamwambia. "Alitaka kufa mara ya pili, nimemkatalia."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Taa ya kisoma kadi ilikuwa bado inapepesa. Niliiona, ila nilikuwa katikati ya utani, na mimi sijawahi kuacha utani njiani. Mpaka namaliza, taa ilikuwa imetulia.

"Tumwangalie tena," mama akasema.

"Mama, mashine imeshasema imesitishwa. Ukiibishia inanuna."

Boda nje anapiga honi. Nikachomoa kadi, nikampa mama, na kwa ukarimu nikamwambia kesho nitakuja na projekta, bure, ukoo mzima umwone mzee akiwa mkubwa ukutani.

Basi nikaenda. Nikajipa na ushereheshaji ambao hakuna aliyenipa. "Ndugu wafiwa, sasa mwenyewe anaongea." Nikabonyeza namba 1, na yule wa suruali ya kung'aa akaanza.

Nilipotaka kuzima, kaka mkubwa wa marehemu akanyoosha mkono. Ni mtu wa sauti ya chini. "Acha iishe, fundi. Wosia haukatizwi."

Tukaitazama yote. Wimbo mzima. Watoto walianza kutikisa mabega, wakazabwa makofi.

"Tumemsikia marehemu," kaka mkubwa akasema. "Anataka tucheze. Shemeji, tucheze kwanza ndiyo tukupe shamba, au tukupe kwanza?"

Watu wakacheka, wale waliokuwa wanalia asubuhi ndio zaidi.

Mama alisimama. "Alisema. Huyu kijana alimwona jana na mimi. Muulizeni."

Wote wakanigeukia. Nikasema ni kweli, nilimwona, alisema shamba ni la mkewe.

"Jana hiyohiyo ulimwambia nini shemeji kuhusu kadi yake?" kaka mkubwa akauliza.

"Kwamba iko salama."

"Na leo video ilipoanza, nani alicheka wa kwanza?"

Nikaanza kukunja waya wa projekta.

"Kaa chini, fundi. Ushahidi wako tumeupata."

Shamba likaenda kwa ndugu. Walimwachia mama nyumba, na jembe.

Rafiki yangu, yule fundi simu, aliichukua kadi akajaribu kuirudisha ile video kwa mbinu zake zote. Alichopata ni picha za kuku. Akafungua programu yangu, akaisoma mstari kwa mstari.

"Ukiiambia laibrari iache kazi," akasema, "inakujibu. Inaweza kusema nimeghairi. Inaweza kusema sikuwahi, hii nimeshaianza. Au inasema kazi yenyewe imeshaisha. Wewe jibu lake umelisomea wapi?"

Sikuwa nimelisoma popote. Programu yangu ilitoa amri, halafu hapohapo ikaandika IMESITISHWA, jibu liwe lolote. Neno niliandika mimi, halafu nikaliamini kama limetoka mbinguni.

"Fikiria mashine ya kukoboa," akasema. "Magunia yaliyo kwenye foleni unaweza kuyabeba ukarudi nayo nyumbani. Mpunga ulioshamwagwa juu ya mashine, utaghairi nini?"

Video namba 2 na kuendelea zilikuwa kwenye foleni, zikaghairiwa vizuri kabisa. Namba 1 ilikuwa imeshamwagwa. Kwa kuwa jina lake na la video ya mzee ni moja, jambo la kwanza ililofanya ni kumfuta mzee, kisha ikamwandika mcheza singeli juu yake, huku mimi nachekesha.

Nimeirekebisha programu. Siku hizi ukibonyeza SITISHA inaandika SUBIRI, na haibadilishi neno mpaka laibrari ijibu. Kama haikuwahi, inasema HAIKUWAHI, kwa nyekundu. Wateja hawalipendi.

Msimu wa kupalilia nilipita Michenga na pikipiki, nikamwona mama shambani, kwenye mfereji, kwenye majaruba yaleyale, anapalilia na vibarua wengine. Kaka mkubwa alikuwa amesimama kwenye tuta na mwavuli. Nilipiga honi ya salamu. Mama alinyanyua kichwa, akakiinamisha.

Nikarudi nikamwambia rafiki yangu kwamba nimempigia honi mama, hakuitikia, labda jua lilikuwa machoni. Alikuwa ameinamia simu ya mtu, hakuinua uso.

"Alipita hapa wiki iliyopita, wewe ukiwa umeenda kula," akasema. "Aliniuliza kama ile mashine yako siku hizi inaweza kumrudisha mzee. Nikamwambia akusubiri wewe. Akasema hapana, anaogopa utamchekesha."