Akiba ya Watoto Wangu Imeandikwa Jina la Wifi

Wasomaji wenzangu, mimi ni mjane wa miaka thelathini na mmoja, mama wa watoto wanne, naishi upande wa Marani. Mhariri amekubali kulificha jina langu, kwa hiyo nitasema yote. Huku kwetu kila mtu ana la kusema juu yangu, lakini wa kunisaidia sijamwona.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha kahawa. Kila alipolipwa aliweka kitu katika chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi. Chama humtaka mwanachama ataje mtu wa kulipwa akiba hiyo akifa. Mume wangu hakunitaja mimi. Alimtaja dada yake, wifi yangu.

Msimlaani, maana hakunificha. Aliniambia tukipukuchua mahindi, "Mama Kerubo, nikikuandika wewe, siku nikifa ndugu zangu watataka kukurithi, na atakayekurithi atashika na pesa. Dada ameolewa, yuko kwa watu, hawamfikii. Yeye atawashikia watoto." Nikaona mume wangu ana akili kuliko mawakili wote wa Kisii mjini. Tena nilijua kwa nini ni dada huyo na si mwingine. Kwetu kijana huoa kwa ng'ombe wa mahari ya dada yake mmoja, na hao wawili huwa wamefungwa pamoja maisha yote. Ng'ombe waliotolewa kwa ajili ya wifi ndio walionioa mimi. Alizoea kunitania, "Wewe ni ng'ombe zangu, usiniletee maringo." Tulicheka, nikamsongea ugali wa wimbi, akala akashiba. Nampenda yule mwanamke.

Mwaka jana homa ilimchukua mume wangu. Matanga hayajaisha, shemeji zangu wakakimbilia ofisi ya chama, wakaambiwa majina yao hayamo. Siku hiyo nilifurahi, Mungu anisamehe, katikati ya kilio. Nikasema mume wangu amewaweza hata akiwa kaburini. Kumbe nilicheka mapema.

Wifi ameolewa Nyaramba. Hakujaliwa mtoto, na mumewe humpiga kwa sababu hiyo. Nilijua anapigwa, ila sikujua kiasi. Mwezi uliopita alinijia jicho moja limefumba kwa uvimbe na mkono wa kushoto hauinuki. Mumewe amesema arudishiwe ng'ombe wake wote aoe mwanamke wa kuzaa. La sivyo wifi arudi akae, na siku atakayomuua asilaumiwe.

Wifi alikuwa ameanza kwa kaka zake. Wakamjibu, "Ng'ombe zako alioa nazo marehemu. Nenda umwulize mjane wake." Siwezi kusema wamekosea, ndiyo desturi. Nikaenda kwa baba yangu, maana ng'ombe wale walipelekwa kwake. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Mama, hao nilishawatoa kumwolea kaka yako. Sasa nikamrudishe kwao mtoto wa watu na mimba yake?" Nikarudi mikono mitupu.

Siku iliyofuata tulikuwa shambani tukichuma mboga, wifi akanena bila kuniangalia. "Ile pesa ya chama ingetosha kununua ng'ombe. Najua ni ya watoto. Sitaigusa mpaka wewe useme. Ukikataa, twende wote nikaipokee, nikukabidhi yote mkononi, kisha nirudi kwake." Nilichuma mboga mpaka nikawa nachuma na magugu.

Nilikwenda ofisini nikidhani sheria itaniamulia. Nikamweleza karani kwamba marehemu alitaka dada awe mshikaji tu, mali ni ya watoto. Karani hakunidharau. Alisema, "Mama, mumeo angetaka hivyo angeandika watoto, na dada yake kama msimamizi wao. Hapa ameandika mtu mmoja peke yake. Pesa ni ya huyo, na aliyeandika hayupo tumwulize." Maneno ya mume wangu yalibaki pale penye mahindi, kati yangu na yeye.

Mchungaji ameniambia nivumilie. Shemeji mkubwa yeye ana dawa tayari. "Mpe dada pesa," anasema, "una shida gani? Kerubo ameshakuwa msichana. Aolewe, ng'ombe zake zitawasomesha wadogo." Kerubo ana miaka kumi na minne na yuko darasa la saba. Anataka kuwa muuguzi, na mwalimu wake anasema anaweza. Bila pesa ya chama sina karo, na shamba langu ni dogo, pareto yake haitoshi hata chumvi na sabuni. Nikimwachia wifi, shemeji zangu watamtoa Kerubo kwa mtu yeyote mwenye boma la ng'ombe, na sitakuwa na nguvu ya kuwazuia. Nikimnyima, mimi ndiye nitakayemsindikiza hadi Nyaramba kwa yule mwanamume. Nimelia mpaka nimechoka kulia. Kila njia ninayoiona imezibwa na mtu ninayempenda.

Nyinyi mlio mbali, msiotujua, nishaurini nimjibu wifi nini. Hanisumbui. Anapika, anateka maji kwa mkono mmoja, na neno la pesa hajalirudia tena. Jana nilimkuta uani akimnyoa Kerubo nywele aende shule, akimwambia asome sana, asikubali kuozwa.