Redio Aliyoisifu Shangazi

Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa mpokea simu katika wizara moja huko Rohero, katikati ya jiji, na alipenda vyombo vya umeme kama wengine wanavyopenda vitenge. Miaka ile ya vita tuliishi naye mtaa wa Nyakabiga. Jumamosi tulizunguka pamoja maduka ya mtaa wa Asiatique. Hakuwa mnunuzi sana. Aliomba redio, akafumba macho, akaipapasa taratibu.

"Hii apana," alimwambia mwenye duka, Mwislamu mpole aliyekwisha kumzoea. "Pa kuongeza sauti na pa kutafuta stesheni panafanana. Umeme ukikatika mi nitajuaje?"

Siku moja akapewa redio ndogo ya kijivu. Mshale wa stesheni ulitembea bila kuruka, sauti ikatoka safi. Tena ilikula betri kidogo, na betri zilikuwa adimu tangu mipaka ilipofungwa. Shangazi akafumbua macho.

"Mutu aliyetengeneza hii hanijui," alisema, "lakini alinifikiria." Akainunua.

Tangu hapo ofisini, kanisani, kwenye foleni ya maji, aliisifu redio yake mpaka baba akamuuliza kama ana hisa dukani. Aliyezisikia sifa hizo zaidi ni jirani yetu mjane, ambaye mwanawe alikuwa amekimbilia kambini Tanzania. Kila alasiri palikuwa na kipindi cha salamu za wakimbizi, lakini redio yake kuukuu ilipoteza stesheni, na macho yake hayakuona namba vizuri.

"Mama, kamata yangu," Shangazi alimwambia hatimaye. Akamshika vidole, akavipitisha kwenye redio hadi mwenyewe akaweza.

Wiki chache baadaye jirani akatuita. Tulimkuta amekaa uani, redio mapajani, khanga imemwanguka begani. Jina la mwanawe lilikuwa limesomwa, na la marehemu babake, na la mtaa wetu. Kijana alikuwa hai, anasalimia, na ameoa.

"Ameoa nani?" Shangazi akauliza.

"Wamesoma mbiombio," alijibu, huku analia na kucheka. "Lakini ameoa."

Redio ilibaki kwake. Siku hiyo alitupikia maharage na ndizi, tukala pale uani, wao wawili wakibishana huyo mkwe atakuwa mtu wa mkoa gani.