Nilimdanganya daktari ili nibaki kwenye kikosi cha zimamoto cha mtaa wetu, Kasongo

Wakuu, nina pumu.

Sentensi hiyo fupi imenichukua miaka zaidi ya thelathini kuiandika, na mimi ni mtu ninayejiita mwandishi wa insha.

Salamu nyingi kutoka Kasongo, Maniema. Ninayosimulia hapa ni kweli tupu. Akiba yangu ya uongo niliimaliza kwenye fomu ya daktari, kama mtakavyoona.

Nimeipa pumu yangu majina mengi. Nikiwa msichana niliiita mafua. Nikiwa chuo kikuu kule Kisangani niliiita baridi ya mto. Nilipoanza kufundisha nikaiita vumbi la chaki, na hapa Kasongo wakati wa kiangazi kila mtu anakohoa, kwa hiyo nilijificha katikati ya wakohozi kama mbuzi mwizi katikati ya kundi.

Inhela, ile pampu ndogo ya kuvutia dawa, nilikuwa naificha ndani ya leso, leso ndani ya mfuko, mfuko ndani ya mkoba. Nikitaka kuivuta nilikwenda msalani. Nadhani wanafunzi wangu waliamini nina ugonjwa mwingine kabisa.

Sasa, kwa nini mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwenye miwani na magoti yanayolia, atake kuwa mzimamoto? (Sisi huku tunasema pompiye.) Hapo inabidi niwarudishe nyuma kidogo.

Mji wetu ulikua enzi za misafara. Misafara ya pembe, na ya watu pia, tusifiche; ukoo wetu tayari umeficha mengi ya kutosha. Wakati huo nyumba zote zilikuwa za nyasi, zimebanana, na moto ukishika moja ulikuwa unatembea mtaa mzima kabla sufuria ya ugali haijaiva.

Basi wazee wa wakati huo wakaweka desturi. Walichonga upembo mrefu, mti wenye ndoano ya chuma kichwani, wakaukabidhi ukoo mmoja. Moto ukizuka, mwenye upembo anakimbia, anaiacha nyumba inayowaka, anapanda ile inayofuata na kuvuta paa lake chini, ili moto ukifika ukose chakula.

Haombi ruhusa. Hata nyumba iwe ya nani, analivuta paa. Na mwenye nyumba haruhusiwi kunung'unika, kwa sababu kesho yake kila nyumba ya mtaa inamletea mzigo wa nyasi na paa linarudi kabla ya magharibi.

Ukoo uliopewa upembo ni wetu. Alianza babu wa babu yangu, ukashuka, ukashuka, mpaka kwa baba. Kaka zangu wawili walihamia Kindu na Bukavu. Baba alipofariki akabaki mtu mmoja tu mwenye damu ile hapa mtaani, naye alikuwa anasahihisha mitihani.

Msicheke. Nyumba nyingi za mtaa wetu bado ni za nyasi. Nilipanda paa na upembo mara nne katika miaka kumi na miwili, na mara zote nne nilikuwa na bahati: upepo ulipeleka moshi upande mwingine. Mimi niliiita ujuzi.

Mwaka juzi watu wa mtaa walichanga, wakapata pampu ya maji ya injini, na kikaundwa kikosi cha watu kumi na wawili. Mimi nikiwemo, bila kupigiwa kura, kwa sababu ya upembo. Sharti likawa moja: kila mmoja apimwe na daktari.

Daktari alikuwa mpole na makini. Alipima presha, macho, masikio, akatupandisha na kutushusha kwenye benchi tukiwa na gunia la mchanga mgongoni. Kabla ya hapo alitukalisha akatueleza jambo ambalo nililiandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri, kisha sikulisikia hata kidogo.

Alisema: "Pompiye hafanyi kazi yeye peke yake. Ukianguka, mwenzako ataacha moto akubebe wewe. Kwa hiyo ugonjwa wako si siri yako tena."

Fundi baiskeli mmoja aliinuka palepale akasema ana kifafa. Daktari akamshukuru, akamwambia kwenye ngazi hapana, lakini anahitajika mtu wa kupiga rimu la gari kuwaita watu. Akapewa rimu, na analipiga vizuri mno.

Kisha Assani, seremala. Huyu ndiye niliyepangwa naye, maana kikosi kinatembea wawili wawili. Ni mtu wa kabila la Wabangubangu, kutoka Wamaza, aliyekuja hapa mtu mzima na kuoa hapa. Ananiita yaya, yaani dada mkubwa. Presha yake ilikutwa juu sana. Hakubishana. Alipewa vidonge, akaambiwa arudi baada ya mwezi, akarudi, presha imeshuka, akapitishwa.

Zamu yangu ikafika. Fomu iliuliza: umewahi kubanwa na kifua? Hapana. Umewahi kukosa pumzi ukikimbia, au kwenye moshi? Hapana, hapana. Unatumia dawa yoyote? Hapana yenye mkia mrefu wa wino.

Kabla ya zoezi la benchi nikaomba kwenda msalani. Wakuu, mnajua nilichokwenda kufanya.

Nilipanda na kushuka lile benchi kama msichana. Daktari alipoweka kifaa chake mgongoni, mapafu yalikuwa kimya. Akasaini cheti. Nikarudi nyumbani nikiwa mzima wa afya kwa mhuri.

Kwa nini nilidanganya? Nimejiuliza sana. Sehemu ilikuwa ukoo. Sehemu nyingine, na hii ni ya aibu zaidi, ni kwamba nilipenda watu waseme "mwalimu anapanda paa". Hakuna aliyewahi kusema hivyo juu ya insha zangu.

Moto wenyewe ulikuja kiangazi kilichofuata, saa tisa alasiri. Jirani mmoja alikuwa anakaanga mihogo, mafuta ya mawese yakashika, na paa la jiko likafuata. Rimu likalia. Pampu ilikuwa inaletwa kutoka upande wa soko. Mimi na Assani tulifika kwanza na upembo.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya Bibi Mwamini, mjane anayeishi na mbuzi wake mmoja. Tulimtoa yeye, mbuzi akajitoa mwenyewe. Assani akashika ngazi, mimi nikapanda.

Nilivuta mafungu mawili ya nyasi. La tatu nikalishika na ndoano, na hapo upepo ukageuka.

Sijui niwaelezeje wale ambao kifua hakijawahi kuwafungia. Hewa iko, unaiona mbele yako, lakini mlango umefungwa na wewe uko nje. Inhela ilikuwa ndani ya leso, ndani ya mfuko, ndani ya mkoba, juu ya msumari, nyumbani kwangu.

Nilitaka kumwita Assani. Sauti haikutoka. Nilichoweza ni kuuachia upembo uanguke.

Alipanda akanibeba begani kama ubao wa mninga. Akanishusha, akanivuta mpaka kwenye hewa safi, akanilegezea kilemba. Dakika hizo chache zilitosha. Paa la Bibi Mwamini, ambalo tungeshalitoa, likashika kwa sauti ile ya nyasi kavu ambayo haisahauliki.

Assani akaokota upembo akakimbilia nyumba ya tatu. Mzee mmoja akamzuia: "Wewe si wa ukoo! Nani alikupa ruhusa?"

Bibi Mwamini, nyumba yake inawaka nyuma yake, akapiga kelele: "Vuta, Assani! Ukoo ule pale chini unatafuta pumzi!"

Akavuta. Nyumba ya tatu ilipoteza paa tu, kuta na vyombo vikabaki. Pampu ikafika ikauzima moto uliobaki. Ya Bibi Mwamini iliteketea: kitanda, sanduku la kanga, mkeka wa kuswalia, milango miwili.

Mimi nilikuwa nimekaa chini nikijaribu kuomba radhi, na Assani, uso mweusi kwa masizi, akaniambia: "Yaya, mutu haombi radhi kabla hajapumua. Nyamaza kwanza."

Kesho yake watu walileta nyasi kama desturi inavyotaka. Nami nilipeleka mzigo wangu. Nikasimama mbele ya Bibi Mwamini, mbele ya wote, nikasema: "Bibi, nina pumu. Nilimficha daktari. Nyumba yako imeungua kwa sababu yangu."

Nilitegemea kimya kizito. Mnajua, kama kwenye hadithi.

Bibi akaendelea kufunga nyasi. "Mwanangu, hiyo siyo habari. Tangu uko mutoto kifua yako inalia kama mulango wa zamani. Mutaa muzima tunajua."

"Mlijua? Na hamkusema?"

"Tuseme kwa nani? Wewe iko mutu ya kuambiwa?"

Watu wakacheka. Mimi pia, kisha nikalia, kisha nikavuta inhela yangu hadharani kwa mara ya kwanza maishani. Mtoto mmoja akaomba aijaribu. Mama yake akamzaba kofi la mkononi.

Lakini jambo halikuishia hapo. Wazee walisema upembo haujawahi kutoka kwenye ukoo. Nami, niwaambie ukweli, nilishikilia hapo hapo. Kuna daktari wa kifua hospitalini Kabambare, nikasema. Acha nikapimwe sawasawa, nipate dawa nzuri. Akisema nafaa, nabaki na upembo. Akisema sifai, auchukue Assani, damu au si damu. Wazee wakakubali. Moyoni nilikuwa na hakika atasema nafaa.

Nilikwenda Kabambare kwa pikipiki, siku nzima ya vumbi, nikafika na rangi ya barabara. Daktari alinipulizisha kwenye mashine, akanipandisha kilima kilicho nyuma ya hospitali, akanipulizisha tena. Safari hii nilimweleza kila kitu, hata benchi, hata msalani. Aliandika bila kuinua kichwa, ila nilimwona akibana midomo asicheke.

Akanipa dawa ya kuvuta kila siku, iwe kifua kinabana au hakibani, na kibomba kidogo cha kupulizia kila asubuhi, chenye namba za kuonyesha nguvu ya pumzi. "Andika namba kwa wiki sita," akasema, "unitumie. Nitakupigia."

Nikaandika. Asubuhi ambazo namba ilikuwa mbaya, kalamu ilinishawishi sana kuongeza kidogo. Kuna moja niliiongeza, nikaikata, nikaandika ya kweli pembeni. Nilimtumia karatasi ikiwa na mkato wake.

Na wakuu, jambo la ajabu: katika wiki zile sita nililala. Nilipanda ngazi za shule nikiongea. Nilitembea mpaka mto na kurudi bila kusimama kujifanya naangalia ndege. Miaka yote ile nilikuwa naishi kwa nusu ya hewa iliyokuwa yangu, na nilidhani ni uzee.

Kabla sijaandika kuhusu simu yenyewe, niseme somo langu, maana nikimaliza na simu sitataka kuongeza neno.

Nilimwona daktari wa fomu kama mlinzi wa mlango, anayetaka kunizuia nisiingie. Kumbe maswali yake yote yalikuwa yanamuuliza Assani: je, mtu huyu utaweza kumtegemea juu ya ngazi? Nikajibu kwa niaba ya Assani, bila kumuuliza, na nyumba ya mjane ikalipa.

Mwenye presha hakubisha, akatibiwa, akapanda. Mwenye kifafa alisema, akapewa kazi anayoiweza. Aliyeficha ndiye aliyebebwa begani.

Naomba mnaofanya kazi za namna hii, zimamoto, migodini kule Salamabila, madereva wa safari ndefu, mtuandikie hapa chini: mliwahi kuficha ugonjwa ili msikose kazi? Nani alibeba mzigo? Na kama kuna mwenye pumu anayejificha msalani sasa hivi na simu mkononi, toka, ndugu yangu. Wanajua.

Simu ilikuja Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri. Tulikuwa uani kwa Bibi Mwamini, Assani akimtengenezea mlango wa pili, mimi nikishika misumari. Niliona jina la daktari kwenye kioo. Kwa kuwa sikujiamini kwamba nitawasimulia wengine majibu kama yalivyo, niliiweka kwenye spika.

"Mama," daktari akasema, "namba zako iko muzuri sana. Ukiendelea na dawa, utafundisha, utalima, utazeeka. Lakini ndani ya moshi ya nyumba inayowaka, hapana. Moshi ile inaweza kukufunga hata kama uko na dawa, na umekwisha kuona. Usipande."

Nilikuwa natafuta, bado, mwanya katika sentensi ile.

Bibi Mwamini akainamia simu. "Munganga, rudilia. Huyu ni mwalimu, anasikia tu ile anataka."

"Ni nani anaongea?"

"Mwenye nyumba iliyoungua."

Daktari akacheka, kisha akasema polepole, kama anayemwandikia mtoto ubaoni: "Asipande. Hata mara moja. Upembo ashike mwingine."

Assani alikuwa ameacha kupiga nyundo. Hakuniangalia, aliangalia mlango wake.

"Mama, bado uko hapo?" daktari akauliza. "Watu wengi wanalia nikiwaambia hivi."

Nikamwambia asante. Nilisema mara tatu, na zote tatu pumzi ilinitosha.