Swichi ya Upande Wake

Nyaya za nyumba hii alizivuta mume wangu, fundi cherehani, si fundi umeme. Ngazi nilishika mimi. Siku hizo dukani kulikuwa na waya mweusi tu, basi kwenye kila kiungo akafunga uzi mwekundu kwenye waya wa moto, na uzi mweupe kwa mwenzake. Watu walimcheka. Taa zikawaka miaka arobaini na mitatu, na waliocheka wakawa wanakuja kwetu kupiga pasi.

Mwezi uliopita soketi ya jikoni ikatoa moshi. Binti yangu akaniambia kwenye simu, "Mama, fundi akisema nyumba haifai, unahamia kwangu. Sitaki ubishi."

Kwake ni pazuri, ila huko mimi ni mgeni mwenye kitanda.

Fundi aliyekuja ni mtu mzima, ana upara. Alishuka darini na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Bibi, aliyefunga huku alikuwa anashona?"

"Alikuwa anashona, ndiyo."

"Panya wamekula nyuzi zake, vimebaki vifundo tu. Na viboksi vya viungo vimezibwa na plasta, sivioni. Itabidi nipasue kuta, na sijui kama zitahimili."

"Hupasui kitu. Nipe chaki."

Nikazunguka naye chumba kwa chumba nikitia alama. Hapa kipo kimoja. Hapa waya unakata kona. Hapa alijiponda kidole, akanisingizia nimetikisa ngazi. Fundi akagonga penye chaki, kiboksi cha kwanza kikatokea, na cha pili, na vyote tisa.

"Ningekujua mapema nisingepoteza miaka chuoni," akasema.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Humu ndani sikuwa nimecheka na mtu tangu msiba wa mume wangu, mwaka wa sita huu.

Akafungia nyaya mpya kwenye mikia ya zile kuukuu, akazivuta. Siku ya tatu akamalizia chumbani kwangu.

"Hii swichi ya pili, upande wa kitanda ulio ukutani, nani anaitumia? Niizibe?"

Mume wangu aliiweka kwa sababu mimi nilikuwa nasinzia taa ikiwaka. Yeye ndiye aliyekuwa anaizima.

"Iache."

"Ukilala huku hutaifikia, Bibi."

"Nimesema iache, baba."

Alipoondoka nilimpigia binti yangu, nikamwambia fundi amesema nyumba inafaa. "Haya Mama, umeshinda," akasema, akakata.

Nikahamisha mto wangu upande wa ukutani. Godoro bado lina bonde lake pale. Mimi mdogo, silijazi.