Bibi wa Rhotia na Paina Zake

Alhamisi nilifuata miche ofisi ya misitu, Karatu, nikamkuta bibi wa Rhotia akiomba kibali cha kukata paina zake, alizozipanda zote siku moja. Alitaka kuezeka nyumba. Afisa kijana akaingiza unene na urefu wa miti kwenye kompyuta.

“Bibi, ukisubiri miaka minane utapata mbao mara mbili.”

“Iulize na mimi nimebakiza mingapi.”

Tulicheka sote, isipokuwa afisa. Akafunga kompyuta.

“Basi tupunguze ile miti myembamba inayobanana, inatosha kenchi za paa. Ile minene tutaivuna mimi na wewe mwaka wa nane.” Akaandika jina lake mwenyewe kando ya la bibi kwenye fomu ya uvunaji wa mwaka huo.

Ofisi nyingine hukunyima hata muhuri. Hii ilimwongezea bibi miaka minane.

Bibi akaikagua fomu. “Sawa, mjukuu wangu. Nikichelewa, nisubirini.”